Dawa Iwe Mkononi Kabla ya Kidonda: Kuishi Ugenini na Herpesi

Hotuba hii ilitolewa mbele ya watu wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa: wanafunzi, wafanyakazi, wake na waume waliowafuata wenzao. Wengi hawakuweza kufika, na wengine walifika wakaishia mlangoni. Tunaiweka yote.

Wakubwa zetu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja, maana tunajua kuja kwenye mkutano wenye jina kama hili si jambo jepesi.

Tuanze na hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na herpesi ya sehemu za siri. Hiyo ni zaidi ya mtu 1 katika kila 5. Hebu hesabuni mstari mliokaa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Haya, inatosha. Nitazameni mimi, msitazamane.

Wapo wanaouita ugonjwa huu wa kirusi malengelenge ya sehemu za siri. Wapo ambao hawana jina lake kabisa, wanasema tu "vile vidonda". Na ugonjwa usio na jina nyumbani, ugenini unakuwa mgumu mara mbili, kwa sababu kule utatakiwa uutaje mbele ya mtu usiyemjua, kwa lugha usiyoizoea, nawe umeshika pochi ya bima ambayo hujui inalipia nini.

Kirusi chenyewe hakibadiliki kwa kuvuka mpaka. Hakijali pasipoti. Kinachobadilika ni muda unaopita tangu mwili ukupe ishara hadi kidonge kiingie mdomoni. Nyumbani muda huo unaweza kuwa nusu saa. Ugenini unaweza kuwa wiki mbili. Leo tunazungumzia muda huo.

Lakini kabla ya dawa, tuondoe kwanza kesi iliyovunja nyumba nyingi kuliko vidonda vyenyewe.

Chukueni mfano wa mume aliyetangulia ugenini kikazi. Mke kabaki na watoto. Mwezi wa nne tangu afike huko, mume anaamka na homa, tezi za kinena zimevimba, na malengelenge madogo yamejikusanya kama punje za mtama, yanapasuka na kuwa vidonda vinavyochoma akikojoa. Anapiga simu nyumbani usiku uleule. Hasemi "naumwa". Anasema, "Umeniletea nini?" Mke naye anajibu, "Mimi niko huku na wewe uko huko. Nani amemletea nani?"

Nani kati yao anasema kweli? Inawezekana wote wawili.

Sikilizeni vizuri hapa. Watu wengi walioambukizwa herpesi hawajui. Hawajui kwa sababu mara ya kwanza haikuwa kishindo. Ilikuwa mkwaruzo mdogo waliodhani ni wa wembe, mwasho waliodhani ni fangasi, upele uliopona wenyewe kwa siku nne. Kirusi kikaingia kwenye neva, kikapanda hadi kwenye vifundo vya neva karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kikalala. Kinaweza kulala miezi. Kinaweza kulala miaka. Kisha siku moja mwili unachoka, homa nyingine inaingia, kinga inashuka, au kunatokea msuguano wa ngozi, nacho kinateremka kwa njia ileile kilichopandia. Tuambieni, mtu aliyehamia nchi ngeni anakosa nini katika orodha hiyo? Uchovu anao, na mafua ya kwao kayapata wiki ya pili.

Kwa hiyo kidonda cha kwanza kuonekana si lazima kiwe maambukizi mapya. Vidonda vilivyotokea mwezi wa nne ugenini haviwezi kuapa mahakamani kwamba vililetwa mwezi wa nne.

Je, kipimo cha damu hakiwezi kuamua kesi? Hakiwezi. Kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Hakisemi lini, wala kwa nani. Tena kingamwili huchukua muda kujengeka, kwa baadhi ya watu hadi wiki 12 au zaidi, kwa hiyo anayepima siku kumi baada ya kukutana na mtu anaweza kuambiwa hana, naye anacho. Na jibu la "ndiyo" lililo karibu kabisa na mpaka wa kipimo mara nyingi huwa la uongo, linahitaji kuthibitishwa kwa kipimo kingine kabla ya kuvunja ndoa. Kile kipimo kinachoitwa IgM, kinachouzwa kama kinatambua maambukizi mapya, msikilipie. Hakitofautishi mapya na ya zamani, wala aina ya kwanza na ya pili.

Naam, kuna aina mbili. Aina ya pili ndiyo iliyozoeleka sehemu za siri. Aina ya kwanza ndiyo ya vile vidonda vya mdomoni ambavyo mtu huamka navyo baada ya homa. Lakini aina ya kwanza hushuka pia, kwa njia ya kunyonyana sehemu za siri. Katika wale milioni 846, Shirika la Afya linakadiria kwamba milioni 376 wana aina ya kwanza huko chini, na milioni 520 wana ya pili. Ukijumlisha utaona imezidi: karibu milioni 50 wana zote mbili. Kwa hiyo mtu anaweza kupata herpesi ya sehemu za siri kutoka kwa mwenzi asiyewahi kuwa na kidonda kingine ila cha mdomoni utotoni.

Ulizeni aina yenu ni ipi. Si swali la udadisi. Aina ya kwanza ikikaa sehemu za siri hurudi mara chache, pengine mara moja mwaka wa kwanza, kisha inanyamaza. Aina ya pili hurudi zaidi, mara nne hivi mwaka wa kwanza kwa wengi wenye dalili, na hupungua kadiri miaka inavyopita. Anayepanga kukaa ugenini miaka mitatu anahitaji kujua anabeba ipi, kwa sababu begi la dawa la mmoja si la mwingine.

Sasa tuje kwenye dawa, na tuanze na mwanamke mmoja.

Gertrude Elion alikuwa mwanakemia wa Marekani. Shahada ya uzamivu hakuwahi kuimaliza. Katika miaka ya 1970 maabara aliyoiongoza ilifanya kazi juu ya dawa iitwayo asiklovia, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na George Hitchings na James Black kwa kazi yao ya kubuni dawa. Kabla ya asiklovia wengi waliamini kwamba dawa yenye nguvu ya kuua kirusi itaua na mwenye nacho. Dawa hii ilifanyaje? Inaingia mwilini imelala. Ndani ya seli nzima inabaki imelala. Ikiingia kwenye seli yenye herpesi, kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho kinachoiamsha, nayo ikishaamka inakata mnyororo wa kirusi kujinakili. Kirusi kinamfungulia mlango askari anayekuja kukikamata.

Tumewaeleza haya kwa sababu kila kosa mtakalolifanya na dawa hii limetokana na kutojua inavyofanya kazi.

Dawa inaamshwa na kirusi kinachojinakili. Kirusi kilicholala kwenye kifundo cha neva hakijinakili, basi dawa haikigusi. Ndiyo maana haiponyi kabisa, na ndiyo maana yeyote anayewauzia chupa ya kuimaliza herpesi kwenye damu anawauzia maji. Hakijakaa kwenye damu, kimekaa kwenye neva.

Na upande wa pili: kirusi hujinakili kwa wingi mwanzoni, saa za awali. Vidonda vikishafunga gaga, kazi imekwisha, dawa imekuta ukumbi mtupu. Kwa hiyo kidonge cha saa ya kwanza kina thamani kuliko kidonge cha siku ya nne. Kidonge cha kwanza kinatakiwa kimezwe ndani ya siku moja tangu kidonda kitokee. Bora zaidi kimezwe kabla hakijatokea, pale ishara zinapoanza. Ishara gani? Mwasho mahali palepale. Kuchonyota. Ganzi. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda matakoni na mapajani, ambayo mtu hudhani amelala vibaya. Mwenye herpesi akishapata mara mbili tatu huzijua kama anavyoijua sauti ya mlango wa nyumba yake.

Mfikirieni mwanafunzi aliyefika chuo cha ugenini mwezi wa kwanza wa masomo. Jumatatu usiku anasikia mwasho. Jumanne anapiga simu kliniki, anaambiwa kwanza ajiandikishe, alete uthibitisho wa anwani. Anwani hana, yuko hosteli ya muda. Ijumaa anaipata barua. Miadi anapewa ya Alhamisi inayofuata. Siku anayofika mbele ya daktari, vidonda vimepona. Daktari anatazama, haoni kitu. Anapitisha kijiti cha pamba juu ya ngozi iliyopona, majibu yanarudi hakuna kirusi. Mwanafunzi anaambiwa hana herpesi. Dawa hakupewa. Baada ya wiki sita, mwasho uleule.

Hapo nani amekosea? Daktari amepima alichokiona. Kliniki imefuata utaratibu wake. Tatizo ni kwamba kipimo kizuri, kile cha PCR kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kinahitaji majimaji ya lengelenge bichi au kitako cha kidonda kisichokauka. Siku mbili za mwanzo ndizo zake. Gaga likishafunga, jibu la "hakuna" halina maana ya "huna".

Basi mambo mawili. La kwanza, kama hamjawahi kupimwa na kidonda kimetoka, msisubiri miadi. Nendeni kliniki inayopokea watu bila miadi, au huduma ya dharura ya siku hiyo, na mseme sentensi moja: nina kidonda kibichi, naomba kipimwe leo. Na muombe pia kipimo cha kaswende na cha VVU, maana si kila kidonda cha sehemu za siri ni herpesi. Cha kaswende mara nyingi hakiumi, mtu anakiacha, kinapotea chenyewe na ugonjwa unaendelea ndani. La pili, kama mmeshapimwa na mnajua mnacho, basi dawa isitafutwe siku ya kidonda. Iwe begini tangu safari.

Kiasi gani? Tuchukue kalamu.

Hivi ni vipimo vya mtu mzima mwenye figo nzima. Mwenye ugonjwa wa figo dozi yake hupunguzwa, na hapo aamue daktari. Mara ya kwanza kabisa kuugua, asiklovia miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 7 hadi 10. Vikirudi, kuna njia zaidi ya moja: miligramu 400 mara 3 kila siku kwa siku 5, au miligramu 800 mara 3 kila siku kwa siku 2 tu. Valasiklovia, ambayo ni ndugu yake anayefyonzwa vizuri zaidi, ni miligramu 500 mara 2 kila siku kwa siku 3. Anayepata vidonda mara kwa mara, au anayetaka kumkinga mwenzi wake, anaweza kumeza kila siku: asiklovia miligramu 400 asubuhi na 400 usiku, au valasiklovia miligramu 500 mara moja kwa siku.

Sasa hapa ndipo watu huteleza. Asiklovia hutengenezwa vidonge vya 200, vya 400 na vya 800. Nchi moja mtazoea vya 400. Nchi nyingine mfamasia atawapa vya 200, maana ndivyo alivyo navyo. Mtu aliyezoea kumeza kimoja anameza kimoja. Nusu ya dozi! Wiki tatu baadaye anasema dawa za huku ni feki. Si feki, ndugu yangu, ni hesabu. Kila mkipewa boksi jipya someni namba kabla ya jina.

Kwa hiyo dozi moja ya siku 5 ni vidonge 15 vya 400, au 30 vya 200. Anayemeza kila siku anahitaji kwa miezi mitatu vidonge 180 vya 400, au 360 vya 200. Na 360 ni vingi. Afisa wa forodha akiviona vimemwagwa kwenye mfuko wa nailoni ana haki ya kuuliza. Viacheni kwenye maboksi yake yenye lebo. Viwekeni kwenye begi la mkononi, msiviweke kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu sanduku linaweza kupelekwa mji mwingine na mwasho ukabaki na nyinyi. Wekeni na barua fupi ya daktari: jina lenu kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la dawa, nguvu ya kidonge, mara ngapi kwa siku, kwa muda gani. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe. Asiklovia si dawa ya kulevya wala ya usingizi, na barua ya namna hiyo kwa kawaida inatosha.

Jina la dawa liwe la kisayansi, si la kibiashara. Dawa ileile ina majina mengi ya biashara, na mfamasia wa nchi nyingine anaweza asilijue hata moja. Kwenye boksi mtaona limeandikwa aciclovir au acyclovir. Ni kitu kimoja, tofauti ni herufi tu. Valaciclovir na valacyclovir vivyo hivyo. Wapo waliorudishiwa cheti kwa sababu ya i na y, wakaondoka wakidhani dawa haipo nchini.

Na krimu? Mtaipata rafuni bila cheti katika nchi nyingi, bei nafuu, na muuzaji atatabasamu. Kwa herpesi ya sehemu za siri krimu haisaidii sana. Kirusi kinateremka kutoka ndani ya neva, krimu inakaa juu ya ngozi. Hiyo fedha nunueni vidonge.

Kuhusu kuagiza kwa posta kutoka nyumbani: nchi nyingi huzuia vifurushi vya dawa za cheti, na kikizuiwa hamtajua hadi siku mtakapokihitaji. Ni heri kupata cheti cha kule mapema, mkiwa wazima. Mwezi wa kwanza mkishapata makazi, kabla ya kidonda chochote, jiandikisheni kwa daktari, mpelekeeni boksi tupu na barua, mwambieni: hii ndiyo dawa yangu, naomba iandikwe kwenye faili langu. Miadi ya wiki mbili mbele haimsumbui mtu asiye na kidonda.

Mkivuka majira ya saa, anayemeza kila siku asijisumbue kwa hesabu ndefu. Ahamie asubuhi na usiku wa nchi aliyofika. Saa chache kuzidi au kupungua siku ya kwanza hazina madhara. Anayetibu kidonda yeye azingatie zaidi, asikose dozi, kwa kuwa asiklovia huondoka mwilini ndani ya saa chache. Na wote mnywe maji ya kutosha, maana dawa hutoka kwa njia ya figo, na safari ndefu hukausha mwili.

Sasa mlango wa kliniki. Hapa hofu ni mbili: watanirudisha kwetu, na watamwambia fulani.

Watawarudisha? Tuseme ilivyo. Marekani ina orodha ya magonjwa yanayotazamwa katika uchunguzi wa afya wa wahamiaji. VVU viliondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2010. Kaswende na kisonono vimo, vyote vinatibika, na akishatibiwa mtu anaendelea na safari yake. Herpesi haimo. Uswidi ina sheria inayomlazimu mwenye klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kutaja wenzi wake ili wapimwe, na matibabu ni bure. Herpesi haipo kwenye sheria hiyo. Uingereza, kupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa hakutozwi ada hata kwa mgeni. Ujerumani, ofisi za afya za umma hutoa ushauri na vipimo vya magonjwa ya zinaa na mtu anaweza asitaje jina. Kila nchi ina lake, na mwenye wajibu wa kuuliza ni nyinyi. Lakini ulizeni kliniki, msiulize kundi la simu la watu wa kwenu. Makundi yale yanajua nyumba za kupanga. Sheria za afya hayazijui.

Fomu ya bima ikiuliza kama mna ugonjwa wa muda mrefu au mnameza dawa kila siku, jibuni kweli. Asiyesema kweli anaweza kunyimwa malipo siku ameumwa kitu kikubwa kisichohusiana kabisa na herpesi.

Na yule fulani? Hapa kosa kubwa ni la kuchagua mkalimani. Mtu hajui lugha, anamchukua rafiki, au mtoto wake wa miaka kumi na miwili anayeijua lugha ya shule. Anamkalisha kati yake na daktari. Je, ataeleza nini mbele ya mtoto huyo? Ataeleza tumbo. Atapewa dawa ya tumbo. Ombeni mkalimani wa kliniki. Yuko chini ya sharti la siri. Kama mnaogopa atakuwa mtu wa mji wenu, semeni mnataka wa kwa simu na msitaje jina. Hata hilo likishindikana, andikeni karatasi yenye mistari michache kwa lugha ya nchi, mkasaidiwe kuitafsiri mapema: nina herpesi ya sehemu za siri, aina ya kwanza au ya pili, nameza asiklovia miligramu kadhaa, natumia au situmii dawa nyingine, nina au sina mzio. Mkiiweka mezani mmeshasema. Mnaijua methali ya mficha maradhi, hatutairudia.

Tumefika kwenye sehemu ambayo watu huinamisha vichwa. Mwenzi.

Ugenini mtu anaanza maisha mapya, anakutana na mtu mpya, na anajiambia: sina kidonda, hakuna haja ya kusema. Je, asiye na kidonda hawezi kuambukiza? Anaweza. Watafiti waliwapa watu wenye aina ya pili vijiti wakajipima kila siku. Waliokuwa na historia ya vidonda, kirusi kilipatikana juu ya ngozi karibu siku 20 katika kila 100. Wasiowahi kuona kidonda, karibu siku 10 katika 100. Siku nyingi kati ya hizo hawakuhisi chochote.

Lakini hiyo haina maana kwamba mlango umefungwa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wa jozi 1,484 za wenzi, mmoja anacho na mwingine hana, wakafuatwa miezi minane. Kundi moja mwenye kirusi alimeza valasiklovia miligramu 500 kila siku, kundi jingine alimeza kidonge kisicho na dawa. Katika kundi la dawa waliambukizwa watu 14 kati ya 743. Katika kundi lisilo na dawa, 27 kati ya 741. Tazameni namba zote mbili. Dawa ilipunguza karibu nusu. Na hata bila dawa, wengi mno hawakuambukizwa ndani ya miezi hiyo. Walikuwa wameambiwa kwamba mwenzao anacho, walipewa kondomu na ushauri wa kuacha tendo siku za vidonda. Kondomu nayo hupunguza, ila haifuniki kila mahali kirusi kinapotokea, ndiyo maana siku ya mwasho au kidonda hata kondomu haitoshi. Subirini ngozi ipone kabisa.

Mnaonaje mtu akienda kwa mwenzi wake na namba hizi, badala ya kwenda na machozi? Amwambie mchana, kabla ya tendo, mahali ambapo yule mwingine anaweza kusema "naomba nifikiri" akaondoka kwa heshima. Sentensi mbili au tatu. "Nina kirusi cha herpesi, aina ya pili. Nameza dawa kila siku, natumia kondomu, na siku nikiwa na dalili sikaribii. Uliza chochote." Mwenzi akitaka kupima, apime, anaweza kukuta naye anacho na hakujua.

Kuna na sheria. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kufuta hatia ya mwanamume aliyekuwa anajua ana herpesi, hakumwambia mwenzi wake, akamwambukiza. Ilihesabiwa kuwa ni kumdhuru mwili. Kifungo kilipunguzwa, hatia ikabaki. Wangapi kati yetu tulijua kwamba ugenini jambo hili linaweza kufika mahakamani?

Mawili ya haraka kabla ya maswali.

Mama mjamzito amwambie mkunga mapema. Mwenye herpesi ya zamani hatari kwa mtoto ni ndogo, chini ya mtoto 3 katika 100 hata vidonda vikiwepo siku ya uzazi, na mara nyingi hupewa asiklovia miligramu 400 mara 3 kwa siku kuanzia wiki ya 36. Kukiwa na vidonda uchungu ukianza, mara nyingi hupasuliwa. Hatari kubwa ni kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho: hapo ni watoto 30 hadi 50 katika 100. Kwa hiyo baba mwenye herpesi na mama asiye nayo, miezi hiyo ya mwisho mwache tendo. Na kama kidonda ni cha mdomoni, msiwe na tendo la mdomo pia.

Na zipo dalili zisizosubiri daktari wa Alhamisi, wala kidonge cha begini hakitoshi. Kichwa kinachouma sana pamoja na shingo kukakamaa. Kuchanganyikiwa. Jicho linalouma na kuogopa mwanga. Mkojo kuziba kabisa. Kama haujaziba ila unachoma, kojoeni mkiwa mmekaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Vidonda visivyopona kwa mwenye VVU asiyemeza dawa, au anayetumia dawa za kushusha kinga. Hizo ni za hospitali, usiku uleule, na kwenye meza ya mapokezi semeni neno herpesi kabla ya neno lingine lolote.

Karatasi ndogo za maswali zinapita. Msiandike majina. Kikapu kiko karibu na mlango wa kutokea, na taa ya upande ule tumeizima makusudi.